Ngitili na Fungu la Vijana: Historia ya Kazi ya Ardhi Maswa

Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinawapa Waisraeli amri kuhusu mashamba yao: miaka sita walime na kuvuna, na mwaka wa saba waiache ardhi ilale. Wengi wetu tunaikumbuka amri hiyo kama amri ya mapumziko. Lakini mstari wa 11 unaongeza jambo jingine. Kinachoota chenyewe katika shamba lililolala ni cha maskini, na wanachobakiza maskini ni cha wanyama wa porini. Mapumziko ya ardhi na fungu la asiye na ardhi yamewekwa katika amri moja, wala Maandiko hayaturuhusu kuchukua moja na kuacha jingine.

Sisi tunaoishi Maswa tunaweza kuisoma amri hiyo katika historia ya nchi yetu wenyewe. Katika muda wa miaka mia moja hivi, ardhi hii imefyekwa na kisha kurudishiwa miti yake, na mara zote mbili sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na mikono ya vijana. Tunaiandika historia hiyo kwa sababu leo vijana wetu, hasa wa mjini, wanaitwa tena kupanda miti na kutunza mazingira. Kabla hawajakabidhiwa jembe ni haki wajue kazi ya namna hii ilifanikiwa lini, ilishindikana lini, na kwa nini.

Ngitili na basumba

Msukuma wa zamani alijua ardhi hailiwi yote kwa mara moja. Mvua zilipoanza, mwenye mifugo alitenga sehemu ya malisho na kuifunga. Sehemu hiyo iliitwa ngitili. Ng'ombe hawakuingia humo masika yote. Nyasi zilikua, miti ikachipua kutoka kwenye visiki na mizizi. Kiangazi kilipokaza na malisho mengine yakaisha, ngitili ilifunguliwa kidogo kidogo, kwanza kwa ndama, kwa ng'ombe wanaonyonyesha, kwa wagonjwa na waliozeeka. Hakuna aliyehitaji kupanda kitu. Kazi ilikuwa kujizuia na kulinda mpaka.

Kazi nazo zilikuwa na utaratibu wake. Vijana wa kijiji, basumba, walikuwa na kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale. Ndiye aliyewaita kwenye kilimo cha pamoja, ujenzi na mavuno. Vikundi vya kulima vililima shamba la mtu kwa zamu, ngoma ikipigwa na majembe yakifuata mdundo; ngoma ya bugobogobo inayochezwa na majembe mikononi ilizaliwa katika kazi hiyo. Mwenye shamba hakuwaambia asante kwa maneno tu. Kikundi kililipwa kwa chakula, pombe au mnyama wa kuchinja, na malipo hayo yalijulikana kabla ya jembe la kwanza kushuka. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu siku hizi watu hupenda kusema kwamba zamani vijana walifanya kazi bure kwa kuipenda jamii. Waliipenda jamii, na jamii iliwalipa.

Miaka ya kufyeka

Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Mwingereza ilianza vita na mbung'o. Mdudu huyo aliishi vichakani, akileta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori na baadaye wa utafiti wa mbung'o, aliweka makao yake Shinyanga, na kwa kushirikiana na batemi wa Kisukuma aliita maelfu ya wanaume kila kiangazi wakafyeke vichaka. Kazi iliitishwa kwa amri ya batemi na kusimamiwa na banangwa. Kwa kipimo cha shabaha yake ilifaulu: mbung'o walirudi nyuma, na watu wa Usukumani wakapata nchi mpya ya kulima na kuchunga upande wa mashariki na kusini. Vijiji vingi vya Maswa, Bariadi na Meatu vilikua katika msukumo huo.

Haitupasi kuwahukumu waliofyeka. Ng'ombe aliyekufa kwa nagana alikuwa mahari, maziwa na akiba ya nyumba nzima, na malale yaliua watu. Lakini shoka lilipokwisha kuingia, halikuwa na sababu ya kusimama. Baada ya mbung'o ilikuja pamba. Bei ilipopanda baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kila familia ilitaka shamba kubwa zaidi. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, kazi iliyoongozwa na Paul Bomani, na ushirika huo ukawa miongoni mwa mkubwa kabisa barani Afrika. Ulimpa mkulima sauti dhidi ya wachuuzi na ulisomesha watoto wengi. Pamba hiyo hiyo ilikula vichaka, na kuni za kupikia pamoja na miti ya kujengea vikachukua vilivyobaki.

Serikali ya kikoloni iliona udongo ukichoka. Mwaka 1947 ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ukiendeshwa kutoka Malya, jirani kabisa na Maswa ya leo. Ulichimba malambo na kufungua maeneo mapya. Uliweka pia sheria: mkulima alime matuta ya namna fulani, atie mbolea ya samadi katika sehemu fulani ya shamba, apunguze ng'ombe. Aliyekaidi alitozwa faini. Mengi ya maagizo hayo mtaalamu wa kilimo wa leo angeyakubali. Watu waliyakataa, kwa sababu waliyapokea kama amri za mtawala na hawakuona faida yake mikononi mwao. Katika miaka ya 1950 upinzani dhidi ya kanuni hizo ukaungana na madai ya uhuru, na mwaka 1958 maandamano yalipoitikisa Geita, serikali ikalegeza kamba. Ushauri ulikuwa mwema kwa ardhi, ila haukumpa mwenye kuutekeleza fungu lolote, nao ukafa.

Baada ya uhuru, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha kaya kutoka katika miji yao iliyotawanyika na kuzikusanya vijijini ili zipate shule, zahanati na maji. Huduma hizo tunazishukuru hadi leo. Lakini familia iliyohamishwa iliiacha ngitili yake nyuma, na ngitili isiyo na mwenyewe haikuwa na mtu wa kuifunga. Watu na mifugo wakabanana kuzunguka vijiji. Kufikia miaka ya 1980 Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Maswa, Bariadi na Meatu, ulikuwa na vilima vitupu na makorongo mapana. Akina mama walitumia saa nyingi kutafuta kuni, na nyumba nyingi zikapikia samadi na mabua ya pamba. Mwalimu Nyerere alipoutembelea mkoa huo mwaka 1984 alisikitishwa na alichokiona, na nchi yetu ikapata jina la jangwa la Tanzania.

HASHI na kurudi kwa ngitili

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao baadaye uliungwa mkono na serikali ya Norway na kusaidiwa kwa utafiti na kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, ICRAF. Mradi ulianza kama miradi mingi inavyoanza: vitalu vya serikali, miche iliyochaguliwa na wataalamu, wananchi wakiitwa kupanda. Mwitikio ulikuwa mdogo. Miche ilikufa kwa kiu, ikaliwa na mbuzi, na watu hawakuona kwa nini waibebee maji miti ya serikali.

Mabadiliko yalikuja pale maofisa walipokaa na wazee na kuuliza zamani nchi hii ilitunzwaje. Jibu lilikuwa ngitili. Visiki na mizizi ilikuwa bado hai ardhini; kilichohitajika ni kuifungia ng'ombe na shoka kwa misimu michache. Migunga ikachipua, nyasi zikafuata. Kaya zilitenga ngitili zao, na vijiji, shule na taasisi zikatenga za pamoja. Dagashida, yaani mkutano wa watu wote, ukaweka kanuni na faini. Sungusungu, walinzi wa jadi waliojipanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wezi wa ng'ombe, wakalinda mipaka. Wengi wa walinzi hao walikuwa wanaume wenye nguvu zao, wanaoweza kukesha porini na kukimbiza mwizi.

Mwaka 1986 ngitili zilizoandikwa katika mkoa hazikuzidi hekta 600 hivi. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, makadirio yalikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya mia nane. Utafiti uliotolewa wakati huo kwa ajili ya wizara na shirika la uhifadhi la IUCN ulikadiria kwamba vitu vinavyotoka katika ngitili, yaani kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, malisho, asali, dawa na matunda, vilikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani hivi kwa mtu mmoja kwa mwezi. Matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini yalikuwa kama dola 8.50. Kwa maneno mengine, ardhi iliyolala ilikuwa inalisha watu kuliko fedha walizokuwa nazo mfukoni.

Kwa mtu wa imani ni vigumu kuyapita mambo hayo bila kumshukuru Mungu. Alikuwa ameificha mizizi ardhini miaka yote hiyo ya jangwa. Ila shukrani isitufanye tuache kuona kilichoutofautisha mradi huu na ule wa mwaka 1947. Yote miwili ilitaka udongo upone. Huu wa pili ulifaulu ulipomwachia mwananchi kanuni zake, mpaka wake na mavuno yake. Sheria za nchi zilifuata njia hiyo: Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilitambua kwamba kijiji na kikundi cha watu wanaweza kumiliki na kusimamia msitu.

Fungu la nani?

Hata hivyo historia ya ngitili ina upande wa pili, na watafiti walioisifu hawakuuficha. Ngitili nyingi ni za kaya. Mwenye ardhi kubwa alitenga ngitili kubwa, mwenye ndogo akatenga ndogo, na asiye na ardhi hakutenga chochote. Faida ya dola 14 ni wastani; wastani humfunika aliyepata nyingi na aliyekosa kabisa. Nyasi zilipopata thamani, wenye nazo walianza kukodisha malisho, na asiye na ng'ombe wala ngitili akabaki kutazama.

Aliyebaki kutazama mara nyingi alikuwa kijana. Ardhi yetu hurithiwa, na baba mwenye wana sita hawezi kugawa ekari kumi bila kuzifanya zote kuwa ndogo. Binti alikuwa na nafasi ndogo zaidi. Wakati huohuo tumeongezeka. Mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012, ukichukua Maswa, Bariadi, Meatu, Itilima na Busega, ulihesabiwa watu wapatao milioni 1.58 mwaka huohuo, na sensa ya 2022 ikahesabu wapatao milioni 2.14. Ngitili zinagawanywa kwa urithi, nyingine zinageuzwa mashamba ya pamba na mahindi, na vijana wasiopata kitu wanakuja mjini.

Wakifika Maswa mjini au Bariadi wanakutana na kazi chache wanazozijua wote: bodaboda, kubeba mizigo, vibarua vya ujenzi, kuuza mkaa. Ukiitazama hesabu ya mkaa utaona jinsi mambo yanavyofungana. Kijana aliyekosa fungu katika ngitili ya nyumbani anarudi kijijini usiku kununua mkaa uliochomwa kutoka katika ngitili ileile, anaupakia kwenye pikipiki na kuuleta mjini, nasi tunaununua. Hafanyi hivyo kwa kuchukia miti. Mti uliosimama haumpi kitu, ulioanguka unampa chakula cha siku. Mwenendo wake hautabadilishwa na mahubiri, hata yakiwa mazuri, mpaka mti uliosimama nao umpe kitu.

Hapo ndipo mfano wa Bwana katika Mathayo 20 unapotufikia. Mwenye shamba la mizabibu anatoka mara kadhaa kwa siku na kuwakuta watu wamesimama sokoni. Hata jioni wapo, na akiwauliza kwa nini wanasimama bila kazi, jibu lao ni fupi: hawakupata mtu wa kuwaajiri. Bwana hawaiti wavivu. Anawapeleka shambani na jioni anahakikisha kila mmoja analipwa. Sisi tunapopita kijiweni na kuwaona vijana wamekaa juu ya pikipiki zao, tuna haja ya kuuliza swali la mwenye shamba kabla ya kutoa hukumu.

Kwingine walifanyaje

Vijana wasio na kazi na ardhi iliyochoka vimekutana katika nchi nyingine pia, na mifano michache inatufaa.

Marekani, katika mdororo mkubwa wa uchumi, Rais Franklin Roosevelt alianzisha mwaka 1933 jeshi la vijana wa kuhifadhi ardhi na misitu. Mpaka lilipofungwa mwaka 1942, wanaume wapatao milioni 3, wengi wao wa familia maskini, walikuwa wamepitia humo, na miti takriban bilioni 3 ilipandwa. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na katika hizo 25 zilipelekwa nyumbani kwa wazazi wake. Mpango huo ulikuwa na doa pia: vijana weusi waliwekwa katika kambi za peke yao, na nafasi za uongozi walinyimwa kwa sehemu kubwa. Walishika jembe bila kushika usukani. Miaka sabini baadaye, huko Bronx katika jiji la New York, mwanamke mweusi aitwaye Majora Carter alianzisha shirika la kuinua mtaa wake uliojaa mitambo ya taka na barabara za malori, na mwaka 2003 likaanza kuwafundisha wakazi kazi za mazingira: kusafisha mto, kutunza miti ya mjini, kuotesha bustani juu ya mapaa. Walifundishwa ufundi wenye soko, tena ndani ya mtaa wao wenyewe, na waliokuwa wakiathiriwa na uchafu wakapata mshahara kwa kuuondoa.

Karibu na kwetu, Wangari Maathai wa Kenya alianzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977. Akina mama wa vijijini walilea miche na kulipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Angalia neno hilo: uliopona. Malipo hayakuhesabiwa siku ya kupanda mbele ya wageni na wapiga picha, yalihesabiwa baadaye. Malipo ya namna hiyo yanamfanya mpandaji kuwa mtunzaji. Nchini kwetu Askofu Fredrick Shoo wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambaye watu wamemwita askofu wa miti, amewafundisha waumini wa Kilimanjaro kwamba kupanda mti ni sehemu ya uanafunzi, na vijana wa kipaimara huko wamekuwa wakipanda miti kama sehemu ya mafunzo yao.

Kanisa la Maswa na jembe la leo

Tukirudi nyumbani, kazi ipo. Mji wa Maswa hunywa maji ya bwawa la New Sola huko Zanzui. Udongo unaosombwa kutoka vilima vitupu huishia bwawani, na kila tope linaloingia hupunguza maji ya mjini. Kuotesha nyasi na miti katika vilima hivyo ni kazi ya miaka mingi inayomhusu kila mwenye ndoo. Tangu mwisho wa Januari 2024 serikali imezuia taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kupikia kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia 2034. Shule, vyuo na vituo, vikiwemo vya makanisa, vinahitaji majiko mapya na mafundi wa kuyafunga na kuyatengeneza. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati yake ni ya vijana walio katika vikundi.

Tena vijana wa hapa wameonyesha kwamba wanaweza. Kiwanda kidogo cha chaki cha Maswa kilianzishwa na kikundi cha vijana, na chaki zao zikaandikia katika madarasa ya mkoa huu. Waliopewa mtaji, soko na imani walizalisha.

Kanisa limekuwa sehemu ya nchi hii kwa muda mrefu. Nassa, iliyo Busega, ilikuwa kituo cha wamisionari tangu karne ya 19. Mwaka 1950 jina la Maswa lilipewa vikariati ya Kikatoliki ambayo mwaka 1956 ilikuja kuwa Jimbo la Shinyanga. Katika safari hiyo makanisa yetu mbalimbali yamepata viwanja, mashamba, shule na zahanati. Mwenye ardhi ana nafasi ya kutenga ngitili. Kwa hiyo amri ya Kutoka 23 haiwahusu wafugaji wakubwa peke yao. Inatuhusu sisi tunaokaa katika vikao vya parokia na mitaa.

Tunapendekeza mambo manne, yote yakitoka katika historia tuliyoieleza.

La kwanza, kila kanisa lenye ardhi isiyotumika litenge sehemu na kuifunga, halafu liikabidhi kwa kikundi cha vijana kwa mkataba ulioandikwa, wa miaka isiyopungua kumi. Mkataba utaje nani anachukua asali, nani anakata nyasi, kuni zilizokauka ni za nani, na kanisa linabaki na kiasi gani. Ngitili za mwaka 1986 zilisimama kwa sababu mpaka na mwenye mavuno walijulikana. Kijana asiye na urithi kwa baba yake apate urithi kwa mama yake Kanisa.

La pili, miche ilipwe inapopona. Tukinunua miche elfu moja kwa kikundi cha vijana wa mjini, tulipe sehemu siku ya kupanda na sehemu kubwa zaidi baada ya kiangazi cha kwanza na cha pili, kwa kuhesabu iliyo hai. Harambee ya kupanda miti isiyo na fedha ya kumwagilia ni kurudia vitalu vya mwanzo vya HASHI.

La tatu, fedha tunazotumia tayari ziende kwa vijana hao. Makanisa hujenga kila mwaka, na tofali la kuchoma hula kuni nyingi kabla halijafika ukutani. Matofali ya kufungamana yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono hayachomwi kabisa, na kikundi cha vijana kinaweza kujifunza kuyatengeneza. Mradi wa ujenzi wa kanisa moja unatosha kukipa kikundi kazi ya miezi kadhaa, na jina jema la kupatia kazi nyingine.

La nne, vijana wakae mezani. Nsumba ntale alichaguliwa miongoni mwa basumba na aliwasemea mbele ya wazee. Kamati ya mazingira ya kanisa isiyo na kijana mwenye kura, wala binti mwenye kura, itarudia kambi zile za Marekani ambako wengine walishika jembe na wengine usukani.

Wapo watakaosema kwamba kumlipa kijana kwa kutunza uumbaji ni kuiuza sadaka. Tunaiheshimu hoja hiyo, kwa maana kujitolea ni tunda la Roho na makanisa yetu yamejengwa nalo. Lakini anayeweza kujitolea siku nzima ni yule ambaye chakula cha jioni kiko nyumbani kwake. Yakobo, katika sura ya 5, anazungumza na matajiri ambao ujira wa wavunaji wao umezuiliwa, na anasema kilio chake kimefika masikioni mwa Bwana. Hawaulizi wavunaji hao kama walikuwa na moyo wa kujitolea.

Wapo pia watakaosema kwamba vijana wa mjini wamekwisha kuisahau ardhi, na wakipewa ngitili watauza miti. Huenda mmoja atauza. Katika vijiji vya HASHI nako walikuwepo waliovunja mpaka, na dagashida iliwatoza faini kisha ikaendelea. Kanuni iliyowekwa na watu wenyewe huwa na nguvu ya kumrekebisha mvunjaji bila kuvunja kazi nzima.

Visiki bado vipo katika ardhi ya Maswa. Mtu akiacha kipande cha ardhi karibu na kijiji misimu miwili mitatu bila ng'ombe, ataona migunga ikitoka mahali ambapo hakuna aliyeipanda. Vijana nao wapo, wengi kuliko wakati wowote katika historia yetu, na hawana mtu aliyewaajiri. Mvua za vuli huanza hapa karibu na Oktoba au Novemba. Kanisa linalotaka kufunga ngitili mwaka huu na kuandika mkataba na vijana wake lina muda wa kutosha kuitisha kikao kabla ya mvua hizo.